Zikiwa Buluu, Zitoe

"Angalia shingo yangu!" alisema Spika, akainua kidevu kama mtu anayesubiri kunyolewa ndevu. "Angalia vizuri. Au macho nayo umeyachovya nikeli?"

Kromu aliangalia. Hakuwa na hiari. Spika alikuwa amesimama katikati ya mlango wa karakana, na mwili wake ulitosha kuwa mlango wa pili. Shingoni mwake, kuanzia chini ya sikio mpaka kwenye mfupa wa bega, vipele vyekundu vilikuwa vimejipanga mstari, umepinda hapa umenyooka pale, kama mshono wa fundi mlevi.

"Pole, jirani."

"Pole yako tia kwenye chai. Si mimi peke yangu. Mke wa fundi viatu anajikuna. Mwalimu wa chekechea anajikuna mbele ya darasa, watoto wamedhani ni wimbo wenye vitendo, nao wanajikuna kumfuatisha. Haya yote ni maji ya mtaro wako!"

Jina la Spika halikutoka bungeni. Lilitoka kwenye redio. Akinong'ona jikoni kwake, mwenye duka wa kona ya pili alijua chumvi imemwishia. Kwa hiyo alipotamka neno "mtaro", madirisha matatu yalifunguka, na vichwa vikajitokeza kusikiliza kesi kwa starehe.

Kromu alikuwa fundi wa kuchovya vyuma. Ukimletea bomba lililochujuka, kengele ya baiskeli au kombe la timu iliyoshika mkia, alilisugua, akalining'iniza ndani ya pipa la shaba, akaliunga na waya wa umeme, kisha akalihamishia pipa la nikeli, nalo likatoka linang'aa hata ukajiona unavyozeeka. Mtaa mzima uling'aa kwa mkono wake. Mabomba ya Spika yalipita humo, vishikio vya kitanda cha fundi viatu vilipita humo, hata kufuli za ofisi ya afya zilipita. Mng'aro ulirudi nyumbani na wenyewe. Maji ya kusuuzia yalibaki, yakaenda mtaroni, na mtaro ulipita ubavuni mwa kisima cha mtaa kabla ya kupotelea kusikojulikana. Hilo halikuwa na mzungumzaji. Mwenye njaa haulizi sahani ilioshewa wapi.

Kilichomchekesha Kromu, na alijitahidi asicheke, ni kwamba kwa miaka mingi alimwaga mtaroni maji ya rangi ya anga na hakuna aliyemwambia hata "ehe". Sasa maji yake yametakata, ndiyo wanamjia na shingo.

"Bwana Afya anakuja Alhamisi," alisema Spika. "Na chupa zake na dawa zake. Atapima mbele yetu sote. Ikionekana sumu, karakana inafungwa, na wewe utatafuta kazi ya kung'arisha viatu."

"Aje na pipa kabisa," alisema Kromu. "Apime mpaka achoke."

Spika alitegemea kubembelezwa. Kromu, kwa ukarimu wa mshindi, akaongeza: "Halafu hizo shanga zimekupendeza sana."

Spika alizigusa. Zilikuwa shanga za buluu, ndogo, ngumu, zimepangwa nyuzi mbili. Uso wake ulilainika papo hapo. "Eeh? Ndizo za kisasa hizi. Usiniulize nimezipata wapi, ni siri ya wanawake." Akaondoka huku anajikuna.

Kromu alimtazama akienda. Rangi ile aliiona kama anaijua, kama sura ya mtu mliyekutana msibani, jina likagoma kuja. Akarudi kwenye mapipa yake, akapiga mluzi.

&nbsp;

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana, vyumba viwili na ukumbi uliogawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia alilala mama mkwe, aliyekuja kutibiwa mguu na mguu ukapona lakini yeye hakusema lolote kuhusu kuondoka, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Jioni ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamimina chai.

"Ongeza sukari, mkwe wangu," alisema. "Usiogope. Sukari ya jasho langu hiyo."

"Ahsante, mama." Kromu aliongeza vijiko vitatu. "Jasho lako kwa kazi gani tena?"

"Kazi ndogondogo. Mimi si wa kukaa nikala vya mkwe kama kupe."

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa anakunja nguo za watoto. Alimwangalia mama yake, akaangalia sukari, akaendelea kukunja. Ndipo mlango ukafunguliwa kwa bega na shemeji akaingia, mdogo wake Mama Pacha, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi la barabara ya chuo.

"Shemeji mwizi wa shaba," alimsalimu Kromu.

"Shemeji mpika makamasi," alijibu Kromu, na wote wawili wakaridhika.

Makamasi hayo yalikuwa na historia. Wiki kadhaa nyuma shemeji alikuja na magunia mawili yanayonuka, akatangaza kwamba ni kamba. "Kamba wa kufungia mbuzi?" aliuliza mama mkwe. "Kamba wa kuliwa, mama. Maganda yao. Hotelini wanayatupa." Aliyasuuza kwa tindikali, akayachemsha kwa magadi makali ya kostiki kwenye sufuria kubwa ya shughuli, nyumba ikanuka hata nzi wakahama. Yakabaki magamba meupe, mepesi kama mba. Akayayeyusha kwenye siki, yakawa uteute mzito ambao Kromu, kwa jicho la baba wa pacha, aliutambua mara moja. Shemeji akaunyonya kwa bomba la sindano, akaudondosha tone kwa tone ndani ya maji ya kostiki, na kila tone likaganda palepale likawa punje nyeupe, ya mviringo, laini kama jicho la samaki.

Kitabuni punje zile zilikuwa na jina refu lenye kuvunja ulimi. Nyumbani wakaziita shanga. Zilijazwa kwenye kipande cha bomba la plastiki, na maji yote ya kusuuzia yakapitishwa humo kabla ya kwenda mtaroni. Yaliingia ya buluu, yakatoka meupe. Mara ya kwanza Kromu alipoyaona aliinama akayanusa mara mbili. Alikuwa kama mtu aliyekaa na deni miaka mingi halafu akaonyeshwa kwamba lingeweza kulipwa kwa maganda. Shaba na nikeli zilibaki ndani ya punje, punje zikageuka buluu, zikashiba. Zikishashiba zilitolewa, zikawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, shemeji akazichukua kwenda nazo chuoni kuzikamua. Nyeupe mpya zikaingia mahali pake.

"Nimekuja kuchukua zilizoshiba," alisema shemeji. "Mwalimu anataka kuziona." Akatoka uani. Akarudi na ndoo. Akaigeuza mdomo chini, akaitikisa. "Mama. Ndoo tupu."

"Ndiyo."

"Shanga za buluu ziko wapi?"

"Nimezitoa."

"Najua umezitoa. Baada ya kuzitoa, umeziweka wapi?"

"Sikuziweka, mwanangu. Nimezitoa. Kwa watu."

Kijiko cha Kromu kilisimama katikati ya kikombe.

"Kwa watu gani?" aliuliza shemeji, taratibu, kama anayeongea na mtu aliye juu ya paa.

"Wanawake wenzangu. Si wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu? 'Mama, shemeji ana kazi nyingi, nisaidie. Zikiwa buluu, zitoe.' Zikawa buluu. Nikazitoa."

"Majini, mama! Zitoe *majini!*"

"Maji hukuyataja." Mama mkwe alijinyoosha kitini, heshima yake imeguswa. "Mtu akiniambia toa, mimi natoa. Ndivyo nilivyolelewa. Uchoyo umejifunzia huko chuoni. Nilizikuta laini, nikazitoboa kwa sindano ya kushonea, moja moja, na macho haya. Nikatia uzi, nikaanika. Zilipokauka zikasinyaa, zikawa ngumu, zinametameta. Nikasema moyoni, kumbe ada ya chuo haikwenda bure, mtoto amejifunza kitu cha maana."

"Mama, ulidhani ile buluu imetoka wapi?"

"Dukani! Rangi hutoka wapi kwingine?"

Mama Pacha aliacha kukunja nguo. "Ulizitoa bure, mama?"

"Wengine bure. Wengine walinishika mkono kidogo. Waungwana."

Kromu aliitazama chai yake. "Na hii sukari…"

"Ndiyo hiyo," alisema mama mkwe kwa fahari. "Kunywa, itapoa."

Mkwe hafokewi. Kromu alifokea kijiko. Alikiambia kijiko kwamba hakina akili, kwamba kimemmaliza, kwamba bora kingebaki kwenye kiwanda kilikotoka. Mama mkwe alisikiliza yote hayo kwa upole, akatikisa kichwa, akamwambia binti yake kwamba mumewe anafanya kazi kupita kiasi.

&nbsp;

Walikwenda kuzungumzia karakanani, watatu, mapipa yamefunikwa, taa moja.

"Shingo zote zile ni nikeli," alisema shemeji. "Jasho linaitoa kwenye shanga, ngozi inakataa. Wengine haiwadhuru, wengine inawawasha. Mama mwenyewe amevaa na hana hata kipele."

"Mama ngozi yake ni ya mamba," alisema Mama Pacha. "Itawaua?"

"Shingoni, hapana. Itawawasha tu. Mdomoni ni jambo jingine. Hiyo ni shaba na nikeli tumeikusanya sehemu moja, imekolea. Mtu akinyonya…" Hakumaliza. "Shemeji, nenda ukawaambie. Sasa hivi."

"Niwaambie nini?" aliuliza Kromu. "Jirani zangu wapendwa, mnachojikunia ni kile nilichokuwa nikikimwaga kisimani kwenu tangu nilipofungua? Alhamisi Bwana Afya anakuja kupima. Maji yangu ni masafi! Mara ya kwanza katika maisha yangu nimeshtakiwa nikiwa sina hatia, nawe unataka niharibu."

"Huna hatia ya wiki hizi."

"Wiki hizi ndizo atakazopima."

Shemeji alimwangalia, utani umemwisha machoni. Mama Pacha akaingilia kati. Alikuwa na uwezo huo, kuingia katikati ya watu wawili kama karatasi katikati ya sabuni mbili. "Tuzirudishe kimyakimya. Leo Jumanne. Kesho Baba Pacha anapita nyumba kwa nyumba, anaziomba. Bwana Afya akija, hakuna shanga, hakuna mwasho, hakuna kesi."

"Na akikosa kuzipata?"

"Atazipata."

"Alhamisi nina mtihani asubuhi," alisema shemeji. "Nikitoka ukumbini nakuja hapa. Kama hujasema wewe, shemeji, nitasema mimi. Na mimi nitasema mpaka majina ya kitabuni."

&nbsp;

Jumatano Kromu alivaa shati lenye kola na kwenda kuomba shanga. Kazi ya kuomba hakuizoea, na ilimwonyesha wazi kwamba haikumzoea yeye.

Mke wa fundi viatu alimfungulia mlango nusu. "Unataka shanga zangu? Za nini?"

"Nizing'arishe zaidi. Bure."

"Zinang'aa tayari." Alimkagua kuanzia kola mpaka viatu. "Mkeo anajua uko hapa?"

Mwalimu wa chekechea alisema zake zina thamani ya kumbukumbu, ingawa alikuwa nazo tangu wiki iliyopita. Bibi wa nyumba ya bati jipya alisema angempa, lakini kwanza amweleze kwa nini mtu mzima mwenye ndevu anazunguka mtaani kuomba shanga za wanawake. Kromu alitafuta uongo mwingine, uongo wa kwanza ukiwa umeshachakaa, akasema zina kasoro kidogo, ziliunganishwa vibaya, atawaletea nyingine bora. Kosa likawa hapo. Mtu hawezi kukutafutia bora wakati yeye anazililia zako.

Mchana mtaa ulikuwa umeshafikia uamuzi: shanga zile ni madini. Fundi wa vyuma anazitaka kwa sababu anajua kilichomo, na yule mama mkwe wake, maskini, aliyatoa bila kujua. Kwa jambo hilo la pili mtaa haukukosea hata herufi. Aliyekuwa ameweka zake kabatini alizitoa akazivaa, asije akaibiwa. Aliyekuwa hana alikwenda kwa mama mkwe kuulizia. Jioni Spika alipita mbele ya karakana, polepole, nyuzi zikiwa nne badala ya mbili, mjukuu wake wa miezi kadhaa amebebwa kiunoni.

"Unazitamani, Kromu?" alisema, na mtaa wote ukasikia. "Tamani. Macho hayana pazia."

"Jirani, nakuomba…"

"Niombe vizuri. Umewahi kuniomba radhi kwa shingo hii?"

Kromu aliingia ndani. Alimkuta mama mkwe anakuna kichwa kwa sindano. "Mkwe wangu," alisema, "wanawake wanataka nyingine. Utachovya lini?"

&nbsp;

Alhamisi watu walijaa mbele ya karakana kama wanaosubiri maiti au mgao. Bwana Afya alifika na mkoba mweusi na uso wa mtu aliyekunywa chai ya asubuhi akiwa amesimama. Alikuwa mwembamba, nadhifu, mwenye tabia ya kusema "kwa hiyo" kabla ya jambo lolote kutokea.

"Kwa hiyo," alisema, "maji yanatokea wapi?"

Kromu alimwonyesha bomba. Ndani yake punje nyeupe, mpya, zimejipanga. Bwana Afya aliuliza ni nini, akaambiwa ni maganda ya kamba, akatazama juu kidogo kama anayejizuia kutoa maoni. Akakinga maji kwenye gilasi. Akaliinua kwenye mwanga ili kila mtu alione.

"Nadondosha dawa. Yakigeuka buluu, kuna shaba. Yakibaki hivi, hakuna cha kusema."

Alidondosha. Watu walinyamaza mpaka mapipa yakasikika yakichemka ndani. Tone lilishuka, likatawanyika, likapotea. Maji yalibaki maji. Akapima tena kwa dawa nyingine, ya nikeli. Maji yakabaki maji.

"Kwa hiyo," alisema Bwana Afya, naye alionekana kushangaa kuliko wote, "haya ni masafi. Nimepima karakana nyingi. Sijaona ya namna hii."

Mama Pacha alitoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumanne. Fundi viatu, ambaye hakuwa na upande, alipiga makofi. Kromu alihisi kifua kikimpanda, kikijaa, kikimtaka ahutubie. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo mbele za watu, tena mtu mwenye mkoba.

"Na shingo zetu je?" alifoka Spika. "Shingo zetu nazo ni safi?"

"Mama, mwasho una sababu nyingi. Sabuni. Mafuta ya kupaka. Jasho. Mimi nimekuja kupima maji." Bwana Afya akaanza kufunga mkoba. "Karibuni zahanati."

Basi ndiyo hivyo, imekwisha. Kromu alilijua hilo kwa mwili mzima. Alitakiwa kufanya jambo moja tu, nalo ni kutofanya lolote. Jioni angemwomba shemeji kwa magoti. Wiki ijayo angemnunua Spika kwa mabomba mapya. Akageuka kumtazama mshitaki wake, ajipe raha ya kumwona ameshindwa.

Spika alikuwa amemhamisha mjukuu kwenye bega la kushoto. Mtoto alikuwa anaota meno. Alikuwa analia kwa kukwaruza, amechoka na mkutano, na mkono wake wa mviringo ukatafuta kitu cha kushika, ukapata nyuzi nne za buluu. Akavuta. Akaleta mdomoni. Kilio kikakatika. Akaanza kunyonya, macho yamelegea, denda la rangi ya anga linamtelemka kidevuni.

Mtu anaweza kusema Kromu alifikiri. Hakufikiri. Aliona denda lile, akaitambua rangi yake, safari hii na jina likaja.

"Mtoe mtoto shanga mdomoni!"

Sauti yake ilimzidi Spika mwenyewe. Watu waliruka. Alikuwa ameshafika, amechomoa uzi kinywani mwa mtoto, uzi umekatika, punje zinadunda kwenye saruji, mtoto analia, na Spika anampiga Kromu shavuni kwa kiganja kinene.

"Mwizi! Mchana kweupe! Mbele ya serikali!"

"Piga!" alisema Kromu. "Piga, lakini mfute mdomo. Mfute! Usimwache ameze. Hizo si shanga."

"Ni nini basi?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea, na Kromu aliuona. Angesema ni rangi mbovu. Angesema ni dawa ya panya. Mama Pacha alimwangalia kwa macho yaliyosema, kwa lugha ya watu waliolala kitanda kimoja miaka kumi, *rangi mbovu, sema rangi mbovu*. Lakini mtoto alikuwa na denda bado, na mtu anayemfuta denda la rangi mbovu humfuta mara moja akaacha.

"Ni mtaro wenu," alisema.

"Kwa hiyo?" alisema Bwana Afya, mkoba umefunguka tena.

"Hizo punje ndizo zilizokuwa kwenye bomba. Zilikuwa nyeupe kama hizi. Zimeshika shaba na nikeli zikawa buluu. Kilichomo humo ndicho kilichokuwa kinakwenda mtaroni kila siku kabla hazijawekwa. Tangu nilipofungua. Mabomba yako, jirani. Kitanda chako, fundi. Kila kitu kilichotoka hapa kinang'aa, maji yake yalikwenda pale." Alinyoosha kidole kisimani, na watu wakageuza vichwa, wakakitazama kisima chao kama mgeni aliyeingia bila hodi. "Vueni. Nikeli ndiyo inayowawasha. Mimi ndiye niliyezitoa nje. Mama mkwe wangu hajui lolote."

"Usinisitiri kwa uongo, mkwe wangu," ilisema sauti kutoka nyuma. Mama mkwe alikuja kwa mguu wake uliopona, watu wakampisha. Shingoni alikuwa na nyuzi sita. "Nilizitoa mimi, kwa mkono wangu, na kazi yangu ilikuwa nzuri. Nani ana kasoro na mshono wangu? Hakuna. Kosa ni la maji yake." Akajivua nyuzi zote sita, akaziangalia kwa uchungu wa fundi, akazitupa kwenye ndoo. "Haya. Zitoeni. Na safari hii namaanisha kwenye ndoo."

Walipanga foleni. Haikuwa na kelele. Mke wa fundi viatu alizitia bila kumwangalia Kromu, kisha akamwangalia, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa umevaa kola kwa ajili hii," na hapo mtu mmoja akacheka na akajuta. Spika hakuwepo, alikuwa ameshakimbilia zahanati ya kona, mtoto kifuani, kwa mara ya kwanza hana sauti. Alirudi baada ya kitambo. Mtoto alikuwa ametapishwa, amechunguzwa, amepewa maziwa na biskuti, na alikuwa analia kwa afya kamili. Spika alivua nyuzi zilizobaki, akazitia ndoo, akasimama mbele ya Kromu. Kila mtu alisubiri kofi la pili.

"Miaka yote?" aliuliza. Alinong'ona kweli, safari hii.

"Miaka yote."

Aliangalia kisima. Akaangalia mkono wake uliozoea kufungua bomba linalong'aa kila asubuhi.

&nbsp;

"Kwa hiyo," alisema Bwana Afya, "maji ya leo ni masafi, hilo nimeliandika. Lakini umekiri mbele ya watu. Nafunga mpaka kisima na udongo vipimwe. Huenda ni wiki, huenda ni miezi. Ungenyamaza, ningekuwa nimeshaondoka."

"Najua," alisema Kromu.

"Nataka ujue kwamba sipendi."

"Nami sipendi."

Bwana Afya alitumbukiza mkono mkobani, akatoa kufuli. Jua lilikuwa la alasiri na kufuli ile ililikamata jua lote, ikawatupia watu usoni. Kromu aliiomba kidogo. Aliigeuza. Chini yake, karibu na tundu la ufunguo, kulikuwa na doa dogo la upana wa punje ya mtama, mahali ambapo nikeli haikushika kwa sababu ndoano ndiyo ilikuwa imeshika.

"Hii nimeichovya mimi," alisema.

"Basi unajua haitaota kutu," alisema Bwana Afya, naye hakuwa anatania. Akaitia kwenye komeo. Ikalia, tena vizuri, kama kitu kilichotengenezwa na mtu anayejua kazi yake.

Mama Pacha alikaa kwenye kizingiti, akamwambia mumewe kwamba ni mjinga, kwamba pacha watakula mng'aro, kwamba yeye hakuolewa ili afungiwe nje ya kazi na kufuli ya mumewe. Alisema yote hayo huku anamfuta alama ya kiganja cha Spika shavuni kwa ncha ya kanga, na hakuwa anafuta kwa hasira. Mama mkwe alileta chai. Haikuwa na sukari, na hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo shemeji alipotokea kwenye kona, anakimbia, begi linampiga mgongoni, karatasi za mtihani zimekunjamana mkononi. Alisimama mbele yao anahema, ameinama, mikono magotini.

"Nimekuja," alisema, "nimekuja kusema!"

"Umechelewa, mwanangu," alisema mama mkwe, akimimina kikombe cha nne. "Mkwe wangu ameshasema. Nilikuwa namtazama usoni muda wote. Alipogeuka buluu, akatoa."